UZI: Mishpaha ya Wayahudi, nani anahesabiwa ndugu na undugu wenyewe unakudai nini

Pilipili Hoho (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna voisi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa anaelezea eti siri ya Wayahudi kubebana ni damu tupu, ukoo mmoja tangu Ibrahimu na mgeni haingii. Nimeisikiliza mpaka mwisho nikasema hii haifai kuachwa hivihivi. Mimi kule nimekaa, nilienda mafunzo ya kilimo jangwani Arava kusini mwa Israeli, kazi pilipili hoho na tende, na jioni nilikua namsumbua mzee mwenye shamba kwa maswali mpaka akiniona anageuza njia.

Msimamo wangu nauweka mapema anayetaka kupinga apinge. Undugu wa Kiyahudi msingi wake ni madai. Ndugu ni yule ambaye sheria inamtaja kwamba ukianguka yeye ndo anatakiwa kukuinua, ukifa yeye ndo anakaa chini. Damu ipo sikatai, ila damu haimalizi habari.

Tuanze na Biblia maana wengi mnayo ndani. Yoshua 7, kesi ya Akani aliyeficha vitu vya Yeriko. Angalieni msako ulivyokwenda, kabila kwa kabila ikadondokea Yuda, ndani ya Yuda jamaa kwa jamaa ikadondokea Wazera, kisha nyumba kwa nyumba ikawa ya Zabdi, alaf mtu mmoja mmoja mpaka Akani huyo hapo. Ile ngazi ya kati ndo mishpaha, yaani watu wa mlango mmoja, nyumba nyingi babu mmoja, mashamba yanapakana. Na ilikua na nguvu zake, Daudi alipotaka kukwepa meza ya Sauli sababu aliyotumiwa Yonathani kuipeleka ni kwamba mlango wao una sadaka ya mwaka Bethlehemu na kaka yake amemwamuru aende, yaani hiyo ilitegemewa kuwa ruhusa ya kutosha hata mbele ya mfalme (Sauli hakuinunua, alirusha mkuki, lakini hayo ni ya Sauli).

Sasa ndani ya mlango huo kuna cheo kinaitwa goel, mkombozi. Walawi 25 inasema ndugu yako akifukara akauza shamba, jamaa yake wa karibu aje alikomboe, na akijiuza mwenyewe kwa mgeni, kaka yake au ami yake au mtoto wa ami ana haki ya kumtoa. Watu wanamjua Boazi kwenye Ruthu, ila mfano ninaoupenda ni Yeremia 32. Wababeli wamezingira Yerusalemu, Yeremia mwenyewe yuko kizuizini kwenye uwanja wa walinzi, anakuja Hanameli mtoto wa ami yake anamwambia nunua shamba langu la Anathothi, haki ya kulikomboa ni yako. Fikiria, nchi inaondoka mikononi na mtu anakuletea biashara ya kiwanja! Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akaandika hati, akaweka mashahidi, nakala moja yenye muhuri na nyingine wazi, zote zikatiwa kwenye chombo cha udongo zidumu. Hakuuliza bei ya soko.

Karibuni, nitaendelea.

Kamanda wa Kijiwe

Siti ya mbele nimeshakaa.

Kisumu Dala

Mkuu hapa umegusa kwetu. Nyanza mjane alikua "anarithiwa" na ndugu wa marehemu, wazee walisema ni kumlinda yeye na watoto. Na hao Wayahudi si wana hiyo ya kuoa mke wa kaka? Wanaifanya bado ama iliisha?

Pilipili Hoho

Kisumu Dala ipo Kumbukumbu la Torati 25. Kaka akifa bila mtoto, nduguye amwoe mjane ili jina la marehemu lisifutike. Sharti ni hilo la kutokuwa na mtoto, kwa hiyo sio kila mjane. Akikataa, mjane anamvua kiatu mbele ya wazee na kutema mate, anasema ndivyo atendewavyo mtu asiyeijenga nyumba ya nduguye. Hicho cha kuvua kiatu kinaitwa halitza, na ndo kilichobaki. Wayahudi wa Ulaya walishaacha kuoa mke wa kaka karne nyingi, wale wa Yemeni na nchi nyingine za Kiarabu waliendelea nayo, mpaka Marabi Wakuu wa Israeli walipopiga marufuku 1950, tangu hapo ni halitza tu. Kiatu chenyewe ni maalum, cha ngozi, kinakaa mahakamani kwa marabi, anavaa mguu wa kulia anafungwa kamba zake mwanamke anazifungua. Mpaka kesho mjane asiye na mtoto mwenye shemeji aliye hai haruhusiwi kuolewa kwengine na rabi bila hiyo shughuli, na kuna mashemeji wameigeuza mtaji, wanadai pesa kwanza ndo watoe mguu.

Kamanda wa Kijiwe

Mashemeji wa dunia nzima baba yao mmoja 😂

Ila mkuu umekaa sana kwenye Agano la Kale. Leo je? Kijana wa Tel Aviv mwenye simu mkononi anajua habari za goel?

Pilipili Hoho

Swali zuri. Njoo Ijumaa magharibi. Mzee wangu wa Arava hakua mtu wa dini, Jumamosi anawasha gari kama kawaida, lakini Ijumaa usiku meza haina mjadala. Mama anawasha mishumaa anafunika macho kwa viganja anasema dua yake. Mikate miwili ya kusuka chini ya kitambaa. Alafu kabla ya divai baba anawaita watoto mmoja mmoja, anaweka mikono juu ya kichwa, wa kiume anaambiwa Mungu akufanye kama Efraimu na Manase, wa kike kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Mtoto wake mkubwa alikua jeshini, ametoka na magwanda yake na begi, jitu refu kuliko baba, ikabidi apinde magoti kidogo ili mzee amfikie, na bunduki bado begani. Wadogo wanacheka, yeye katulia kabisa. Mkate ukakatwa ukachovywa chumvi ukarushwa mezani, ndio, unarushwa, kwao ile haikua utovu wa adabu, mimi wa kwangu niliudaka na glasi ikamwagika.

Na majina. Mtu anapoitwa kusoma Torati sinagogi anaitwa kwa jina la baba, fulani ben fulani. Akiugua, dua inataja jina la mama. Sasa swali la kumuua yule mwenye voisi: mgeni aliyeingia dini, baba yake anaitwa Petro au Hamisi, anaitwaje? Anaitwa ben Avraham, mwana wa Ibrahimu. Anapewa baba. Kwenye karne ya 12 kuna mwongofu anaitwa Obadia alimwandikia Maimonides, rabi mkubwa kule Misri, akauliza mimi nikisali naweza kusema "Mungu wa baba zetu" wakati baba zangu hawakuwa Wayahudi? Akajibiwa sema yote kama ilivyo usibadilishe neno, Ibrahimu ni baba wa kila anayeingia chini ya mabawa yale. Damu tupu ingejibu hivo?

Mtoto wa Chumbageni

Kaka Pilipili, mimi niko Tanga, umesema ukifa ndugu "anakaa chini". Hebu tufafanulie huo msiba wao maana sisi kwenye matanga ndo unapowajua ndugu wa kweli na wa picha.

Pilipili Hoho

Dada hapo ndipo orodha ya madai inaonekana kuliko popote. Kukaa kwao kunaitwa shiva, siku saba. Wanakaa viti vifupi au chini kabisa, nguo imechanwa upande wa kifua, vioo vimefunikwa, viatu vya ngozi hapana, mlango haufungwi na ufunguo watu wanaingia tu. Chakula cha kwanza baada ya makaburini mfiwa haruhusiwi kula cha kwake, lazima kitoke kwa majirani, na kawaida kuna mayai ya kuchemsha au dengu kwa sababu ni duara. Anayeingia haanzi kuongea, anasubiri mfiwa aanze. Hii mimi ilinishinda, nilikua nishazoea kuingia na pole pole pole mlangoni.

Ila wanaopaswa kukaa ni saba tu kisheria. Baba, mama, mtoto wa kiume, wa kike, kaka, dada, mume au mke. Basi.

Mtoto wa Chumbageni

Babu na bibi hawamo?? Mjomba je? Mkwe?

Pilipili Hoho

Hawamo. Unaweza kumlilia bibi yako mwezi mzima, utaenda utapika utabeba viti, lakini wajibu wa kukaa haukuhusu. Mtu na mama mkwe wake vilevile, mke anakaa wewe unahudumia. Na wa baba na mama wana nyongeza, mtoto anasema kadish, dua ya mfiwa, miezi 11 kila siku, hao wengine ni siku 30. Kadish haisemwi peke yako, lazima watu kumi wawepo, kwa hiyo msiba wako unawadai watu ambao pengine hamjuani. Ndo maana unakuta wazee asubuhi saa kumi na mbili wanasimama nje ya sinagogi wanamtafuta wa kumi barabarani.

Mtoto wa Chumbageni

Kwetu mjomba asipokuja matanga siku ya kwanza kuna kesi ya miaka. Wao wamempa uhuru kabisa 😅 Sijaipenda lakini nimeielewa, angalau hakuna wa kujiliza aonekane.

Sheikh Ubwabwa

Samahani naingilia. Nimesikia Uyahudi unafuata mama. Sasa hiyo "ben fulani" ya baba inatoka wapi? Kwetu nasaba ni baba moja kwa moja hakuna mchanganyo.

Pilipili Hoho

Sheikh wao wamegawa. Kuwa Myahudi au kutokuwa, mama. Ukiwa Myahudi wa aina gani, yaani kuhani (kohen), Mlawi au Muisraeli wa kawaida, baba. Mtoto wa kohen aliyezaa na mwanamke asiye Myahudi hana ukohen na kwa marabi wa kimapokeo hana Uyahudi pia mpaka aongoke. Warekebishaji wa Marekani, hao Reform, 1983 wakasema baba pia anatosha kama mtoto amelelewa Kiyahudi, na hapo ndo nyumba ikagawanyika mpaka leo, mtu Chicago anahesabiwa ndugu, akivuka bahari haolewi.

Serikali ya Israeli nayo ina kipimo chake cha tatu. Sheria ya Kurejea ni ya 1950, 1970 wakaipanua, hata mjukuu wa Myahudi na mwenzi wake wanaingia na kupewa uraia. Kwa hiyo miaka ya 1990 Wasovieti walivyomiminika waliingia watu wengi ambao kwa wizara ni familia, kwa rabi sio. Wanakwenda jeshi, wanaongea Kiebrania kama maji, ikifika ndoa hakuna ndoa ya serikali kule, ni ya dini tu, basi wanapanda ndege kwenda Cyprus kufunga na wakirudi na cheti wizara ya mambo ya ndani inakisajili. Huu mpango mimi nauona kituko lakini ndo wanaishi nao.

Mbale Boy

Hapo kwa wageni mnasahau sisi huku Uganda. Nyumbani kwetu Mbale kuna Abayudaya, Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi, jirani zetu kabisa, kilima cha Nabugoye. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aligombana na Waingereza, akasoma Biblia akasema kama ni hivi basi nafuata kitabu cha kwanza chote, 1919 akatahiriwa yeye na watoto wa kiume. Hakuna damu ya Ibrahimu pale, ni Waganda, Wagwere na Wagisu. Wakati wa Idi Amin dini ilipigwa marufuku wengi walirudi kwa kanisa na kwa Uislamu, waliobaki walisali kwa kujificha. 2002 wakaja marabi wa Conservative, dhehebu lingine la Kiyahudi, kutoka nje wakawaongoa mia kadhaa rasmi, na Gershom Sizomu alisomea urabi Los Angeles akamaliza 2008, baadae akawa mbunge pia. Wazee wengine pale waliuliza, tumeshika Sabato tangu babu zetu, mnatuongoa kutoka wapi kwenda wapi?

Pilipili Hoho

Mbale Boy asante sana, hilo swali la wazee ni zito. Wakazamishwa kwenye maji kama desturi ya kuongoka, wakapewa hati, na kwenye hati majina ni mwana wa Ibrahimu na Sara. Ila hata baada ya hapo Israeli haijawapokea kirahisi, kuna walioomba kuhamia wakakataliwa. Kwa hiyo nakubali, baba umepewa lakini kuna ndugu hawajakutambua, na hii inapunguza utamu wa hoja yangu ila haiiui.

Kamanda wa Kijiwe

Sawa tumekubali. Turudi kwenye kubebana, maana hapo ndo watu wanataka kujua. Pesa.

Pilipili Hoho

Kuna msemo kwenye Talmud, mkusanyo mkubwa wa sheria na mijadala ya marabi, Waisraeli wote ni wadhamini wao kwa wao. Mdhamini yuleyule unayemjua wewe, wa mahakamani, wa mkopo, ukikimbia wanamkamata yeye. Kazi kubwa ya kifamilia ya jumuiya zamani ilikua kukomboa mateka. Kwenye makaratasi ya sinagogi la Cairo ya kale kuna barua za kuchangisha, maharamia wamekamata watu baharini wanawaleta bandarini kuuza, na bei ilishazoeleka, dinari 100 kwa vichwa vitatu. Mji mdogo unachangishana kumtoa mtu wa Bizanti, dola la Wagiriki, ambae hata lugha yake hawaijui.

Lakini wakajifunga breki, Mishna, sehemu ya zamani ya hiyo Talmud, inasema mateka asikombolewe kwa zaidi ya thamani yake, maana ukilipa sana unafuga watekaji. Kuna rabi Ujerumani, Meir wa Rothenburg, mfalme Rudolf alimfunga 1286 akitaka pesa, jumuiya ikawa tayari kulipa, inasimuliwa mwenyewe akakataa, akafia ngomeni 1293. Maiti nayo ikazuiliwa miaka 14 mpaka tajiri mmoja wa Frankfurt, Alexander Wimpfen, akailipia 1307, sharti lake likawa moja tu, nikifa mnizike pembeni yake. Makaburi yapo mji wa Worms, Ujerumani, mawili, yamesimama bega kwa bega. Hawakuwa na undugu wa tumbo.

Nyuma ya Pazia

Mbona hamzungumzii Gaza? Familia ngapi zimefutika

Pilipili Hoho

Mkuu ule uzi upo jukwaa la kimataifa na mimi huko nachangia, hapa tuachie hili.

Ticha wa Kiswahili

Mimi naongezea upande wa lugha. Kiebrania kilikua cha sala na vitabu, hakuna mtoto aliyekua analilia maziwa kwa Kiebrania. Eliezer Ben-Yehuda akafika Yerusalemu 1881, akaamua nyumbani kwake ni Kiebrania tu, mtoto wao wa kwanza akazaliwa 1882 na hakuruhusiwa kusikia lugha nyingine, wageni wakija mtoto anapelekwa kulala. Alichelewa kuongea, watu wakasema huyu amemharibu mwanae. Inasimuliwa siku moja baba karudi akamkuta mama Devora anambembeleza mtoto kwa wimbo wa Kirusi, alifoka mpaka meza ikaumia. Maneno ya nyumbani yakatungwa hapo hapo kwa shida ya siku hiyo, mwanasesere akawa buba, aiskrimu ikawa glida. Devora alikufa kwa kifua kikuu 1891, mzee akamwoa mdogo wa Devora, Hemda, na kamusi kubwa aliyoianza mzee aliiacha njiani alipofariki 1922, mjane na mtoto wake Ehud wakaibeba, juzuu la mwisho likatoka 1959. Lugha ya taifa ilianzia kwenye ugomvi wa chumbani, mimi kama mwalimu nawaza huyo mtoto hakuwa na wa kucheza nae.

Kisumu Dala

Manze huyo mtoto aliteseka. Na zile kibbutz, vijiji vyao vya ujamaa? Niliskia watoto walikua hawalali kwao.

Pilipili Hoho

Kweli kabisa. Ya kwanza Degania, 1910, lakini hao wa kwanza wenyewe hawakulaza watoto mbali, ni nyingi zilizofuata. Watoto wanalala nyumba yao na mlezi, wazazi wanawaona jioni baada ya kazi, saa chache, kisha wanawasindikiza kulala na kuondoka. Nia ilikua mama awe huru na mtoto awe wa wote. Miaka ya 1990 mtindo ukafa kabisa, na walioukataa zaidi ni mama waliolelewa humo. Kitu kimoja watafiti walikikuta, watoto waliokuzwa kundi moja tangu uchanga, hawana damu moja, hakuna aliyewakataza, karibu hawaoani kabisa. Walijikuta kaka na dada.

Mtoto wa Chumbageni

Na wanawake kwenye ndoa? Maana naona familia inasifiwa tu.

Pilipili Hoho

Dada, talaka anatoa mume kwa mkono wake, hati inaitwa get. Akigoma, mke anaitwa aguna, aliyefungwa nanga, na akizaa na mwingine mtoto huyo na kizazi chake hawaruhusiwi kuoa Wayahudi wa kawaida. 1995 Israeli ikatunga sheria, mgomaji ananyang'anywa leseni, hasafiri nje, benki wanambana, mwisho jela. Wapo waliochagua jela. Hili sina la kulitetea.

Sheikh Ubwabwa

Swali la mwisho kwangu. Wale wa Ethiopia walihesabu vipi ndugu?

Pilipili Hoho

Beta Israel, maana yake nyumba ya Israeli. Wao walihesabu vizazi saba pande zote mbili, babu mkikutana humo hamuoani, na mzee mmoja kijijini ndo alikua daftari. Mei 1991 walipobebwa kwa ndege kupelekwa Israeli, zaidi ya watu 14,000 ndani ya saa kama 36, makarani wakakuta hawana jina la ukoo, mtu ana lake na la baba tu. Wakaandika jina la babu likawa la ukoo, na wengine wakapachikwa jina jipya la Kiebrania. Ndugu wawili wa mbali wakatoka na majina yasiyofanana, daftari likabaki kichwani kwa mzee, na vijana wakipendana chuoni Haifa bado wanapiga simu kwa bibi kwanza.

Kamanda wa Kijiwe

Vizazi saba?? Mimi kuna binti wa Muheza nimeshapeleka barua ya posa na bibi yangu pia ni wa Muheza. Ngoja nimpigie sasa hivi kabla hajalala.